Mfereji na Koleo

Wapo wasemao kwamba mkulima hawezi kusimamia maji, na kwamba yaliyotokea Mwea ni ushahidi. Nayakataa maneno hayo.

Tangu mwaka 1966 mradi ule wa mpunga ulikuwa mikononi mwa bodi ya serikali. Mkulima alikuwa mpangaji tu: aliamuliwa wakati wa kupanda, na mpunga wake alitakiwa auuzie bodi. Mwaka 1998 wakulima walichoka, wakauchukua mradi kupitia chama chao cha ushirika. Kazi ya mifereji na ugawaji wa maji ikawaelemea. Mwaka 2003 bodi ilirudi kwa mapatano mapya: yenyewe itunze mifereji mikuu, vyama vya watumiaji maji vishughulikie midogo.

Je, hapo ameshindwa mkulima? Hata kidogo! Kwa zaidi ya miaka 30 aliamuliwa kila jambo, kisha akalaumiwa kwa kutojua kuamua. Mimi nimefunza walimu. Mwanachuo hatumwachi aingie darasani kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Hufundisha mapema, mkufunzi akiwa ameketi nyuma.

Basi serikali inayotaka kukabidhi mfereji ikabidhi pia daftari la hesabu, sauti katika kupanga ada, na mamlaka ya kumtoza faini mwizi wa zamu, hata akiwa mkubwa. Nayo ibaki na mzigo wa mabwawa na mabanio, ambao wanakijiji hawauwezi. Pasipo hayo, wananchi hawakupewa maji, wamepewa koleo.