Kobe wa Muanda na sheria ya kiota

Pwani ya inchi yetu huko Muanda haifiki kilomita 50, lakini kobe wa bahari huja kutaga mayai humo. Watoto wao hutoka usiku wakifuata mwangaza wa maji. Taa za ufukweni huwapoteza. Hifadhi ya Mikoko ipo tangu 1992, lakini bado mama na mayai huliwa.

Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inakataza kuchukua mama ndege pamoja na makinda. Tunaona humo ulinzi wa chakula cha kesho. Muvuvi mwenye njaa hatumuhukumu. Wakubwa wamupe kazi ya kulinda viota.

Nasi wa Kivu na Tanganyika, tuache nyavu za macho madogo zinazobeba samaki wachanga. Sheria ni ileile.