Kulabu ya Nyuma Kwanza, Mapambo Baadaye
Wenye Land Cruiser kuukuu za mfululizo wa 70, muundo ulioanza kuuzwa mwaka 1984, siku hizi huzipamba kwa taa za paani na matairi mapana, lakini ukichungulia chini ya bampa la nyuma huoni mahali salama pa kufungia kamba. Hapo ndipo pesa zingeanzia. Gari likizama kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, mbele kuna tope usilolijua; ardhi ngumu iliyokubeba iko nyuma, na mara nyingi mwokozi wako atatokea huko huko. Dereva asiye na kulabu hufunga kamba kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela. Hicho hakikuundwa kwa mshtuko wa kamba inayovutika. Kikikatika huruka kama risasi, na watu wameshauawa hivyo. Dawa ni kulabu mbili zilizoandikwa uzito zinaoumudu, moja kila upande wa chesisi, zifungwe kwa bolti za daraja la 8.8 au 10.9, na bamba nene nyuma yake la kusambaza nguvu. Kwanza fundi agongegonge chesisi kwa nyundo. Palipoliwa na kutu, kulabu mpya haina kazi. Na anayetaka kuchomelea kipande cha nondo kwenye bampa, mkatalieni: siku ya kuvutwa, bampa litatoka topeni na gari litabaki.