Vibao vya Watoto Wetu

Mwezi huu tena tumekaa kitako kusikiliza nyimbo ambazo watoto wetu wanaziimba wakiosha vyombo. Tumechagua tatu, na zote ziliingia katika chati ya nyimbo mia moja ya Billboard, kule Marekani, mwaka 2025.

Tuanze na ule uliotugombanisha nyumbani. "Golden" unatoka katika filamu ya katuni ya KPop Demon Hunters, iliyoanza kuonyeshwa Netflix mwezi Juni 2025. Agosti mwaka huo wimbo ukashika nafasi ya kwanza. Sisi jina la filamu tu lilitutosha. Mapepo ndani ya katuni ya watoto? Tukapiga marufuku siku hiyo hiyo, bila kuuliza swali, na binti yetu wa darasa la tano akanyamaza. Wiki mbili baadaye tukamsikia anauimba bafuni, bomba limefunguliwa kwa nguvu ili sauti isitoke nje. Hapo tulishtuka kuliko tuliposikia lile jina. Mtoto wa miaka 11 amekwisha jua namna ya kumziba mama masikio. Akifika 16 atatuficha nini?

Basi Jumamosi moja tukaketi naye, tukaitazama filamu yote. Ni hadithi ya wasichana watatu, waimbaji wa Korea, wanaopigana na mapepo. Mmoja wao, Rumi, baba yake alikuwa pepo, na tangu utotoni mlezi wake amemfundisha kuzificha alama zilizo mwilini mwake. "Golden" ni wimbo wa mtu aliyechoka kujificha. (Tulipofika hapo hatukuweza kumtazama binti yetu usoni.) Mapepo hayasifiwi humo, lakini Mungu naye hayumo: nguvu za ushindi zinatoka kwenye nyimbo na mioyo ya mashabiki. Hilo tulimweleza waziwazi, naye akajibu, "Najua, mama, ni katuni." Kwa watoto wadogo zaidi hatushauri, maana kuna sura za kutisha. Wimbo wenyewe ni mtamu. EJAE, mmoja wa walioutunga na kuuimba, alikaa miaka mingi katika mafunzo ya uimbaji huko Korea bila kupewa nafasi ya kutokea jukwaani, na uchungu huo unasikika.

Wa pili ni "Ordinary" wa Alex Warren, ambao nao uliongoza chati hiyo mwezi Juni 2025. Kijana huyu anamwimbia mke wake wa ndoa, jambo ambalo siku hizi ni adimu kama mvua ya kiangazi, na tungependa waume zetu wausikie. Shida yetu ni kwamba ameazima maneno ya ibada akamvika mwanadamu. Je, unafaa bibi harusi auingilie kanisani? Sisi tunasema hapana. Ukumbini, sawa. Tena mke aliyefanywa madhabahu siku ya Jumamosi, Jumatatu akiunguza wali itakuwaje?

Wa tatu, "Your Way's Better" wa Forrest Frank, ni wa Injili kabisa, na tulifurahi kuuona ukikaa katikati ya nyimbo za dunia. Ujumbe wake ni kwamba njia ya Bwana ni bora kuliko ya kwetu. Maneno ni machache mno kwa sisi tuliolelewa na tenzi za beti nne, lakini vijana wanaucheza bila kulazimishwa, nasi tulijaribu kidogo jikoni tukaumwa kiuno.

Kuhusu "Golden", tumekubaliana na binti yetu: ruhusa, isipokuwa Jumapili asubuhi tunapojiandaa kwenda kanisani. Sasa anauimbia jikoni, mlango wazi. Ile sauti ya juu ya kiitikio bado haifikii, na jirani ametuomba tumwambie apunguze.