Si Kila "Light" ni Mwanga

Karibuni mzee mmoja wa mtaani kwetu alitoka hospitali na karatasi ya maagizo iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Iliandikwa kwamba ale "chakula cha mwanga". Mzee akaifikiri, akaona maana yake ni kula kungali kweupe. Basi jua likichwa hatii kitu kinywani, na vidonge vya usiku akavimeza tumbo tupu. Siku tatu alilala na njaa juu ya maradhi, mpaka mwanawe alipoiona karatasi ya Kiingereza. Kumbe mfasiri alikutana na neno "light" akalikimbilia mwanga, ilhali daktari alitaka mgonjwa apewe chakula chepesi.

Kosa si la Kiingereza. Neno hilo kwa asili ni maneno mawili mbalimbali, moja la mwangaza na moja la wepesi, ambayo kwa kupita karne yalikuja kufanana matamshi na maandishi. Ndiyo maana Waingereza huyaita mapafu ya mnyama wa kuchinjwa "lights": ni kwa kuwa mepesi, si kwa kuwa yang'ara.

Hata tukiuacha wepesi, bado neno moja halitoshi. Chumba huwa na mwangaza. Uso wa mcha Mungu huwa na nuru, na macho yakipofuka twasema nuru imeondoka. Taa huwashwa. Rangi huwa hafifu. Atakaye kuwasha sigara haombi mwanga, huomba kiberiti. Na huo mwanga wenyewe wataka hadhari: mwanga umeingia nyumbani ni heri, lakini mwanga ameingia nyumbani ni balaa, kwani huyo ni mchawi atembeaye usiku!

Tuliosoma chuoni twajua kwamba Kurani, katika Sura Yunus aya ya 5, haikutumia neno moja kwa jua na mwezi. Jua limeitwa dhiyaa, na mwezi ukaitwa nuru. Na wanavyuoni wengi wameeleza kuwa dhiyaa ina nguvu zaidi. Hata majina tuwapayo wana wetu hayako sawa: Munira ni mwenye kutoa nuru, Siraji ni taa, Badru ni mwezi wa kumi na nne. Watu waliorithi hesabu hii yote, yafaa kweli waridhike na neno moja?

Sasa tutazame magazetini na redioni, na sisi waandishi tusijitoe. "Katika mwanga wa habari hizi." "Waziri ametoa mwanga juu ya suala hilo." "Mradi umepewa taa ya kijani." Hicho ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kiswahili chasema: kwa kuzingatia habari hizi, waziri amelifafanua suala hilo, mradi umepata idhini. Na jambo lililofichika hudhihiri, hubainika, au hufichuka.

Mtu atasema lugha hukua kwa kuazima. Naam, ni kweli. Nuru yenyewe tuliitwaa kwa Kiarabu, na huku Kenya twaita umeme stima, neno lililokuja na meli za mvuke. Lakini kuazima usicho nacho ni haja. Kuazima ulicho nacho sandukuni ni uvivu. Na uvivu wa mfasiri haumdhuru mfasiri. Humdhuru yule asiyejua Kiingereza, aliyeandikiwa karatasi hiyo kwa ajili yake, naye akaiamini.

Kwa hivyo walimu wawafunze watoto swali moja kabla ya kushika kalamu: hapa "light" ni ya nini? Ya taa, ya uso, ya rangi, ya mzigo au ya chakula? Swali hilo halichukui dakika moja. Lau lingeulizwa, mzee wetu angalikula uji wake wa usiku, akameza dawa, akalala.