KIPINDI CHA DINI KISICHO NA MWALIMU

Wanachama wenzetu, neno letu la safari hii lahusu jambo lililo dogo katika ratiba ya shule, walakini kubwa katika maisha ya watoto wetu, nalo ni kipindi cha dini.

Hivi karibuni tulifika katika shule moja ya pande za Temeke, ambayo hatuitaji jina, kwa shughuli ya kazi. Ratiba ilionyesha kuwa saa ile ni ya dini. Watoto walikuwa wamekwisha kugawanyika vizuri, Waislamu chumba hiki na Wakristo chumba kile. Lakini hakuwako maalim wala katekista. Kelele zikapanda, na wengine wakatoka kucheza mpira wa makaratasi. Mwalimu wa zamu alituambia kuwa kijana aliyekuwa akija kufundisha amepata kibarua kwingine, maana hapo hakuwa akipewa hata nauli.

Isisemwe kwamba kosa ni la Serikali. Zamani misheni na jumuiya za dini zilikuwa na shule nyingi, zikifundisha dini zilivyopenda. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia nyingi katika hizo mikononi mwa Serikali, ili mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini ya babaye. Jambo hilo lilikuwa la haki. Nayo Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, yaifanya imani kuwa hiari ya mtu, na yaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Basi shule hutoa saa na chumba. Mwalimu wa dini hapana budi tumtoe sisi waumini. Nusu yao imetimizwa, nusu yetu bado.

Wako wasemao: dini ifundishwe chuoni na kanisani, yatosha. Lakini wazazi wengi wa Mbagala na Bunju huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kurudi usiku, na mwalimu ndiye amwonaye mtoto zaidi. Tena shuleni mtoto humwona jirani yake wa dini nyingine akiheshimiwa, na hilo ni somo ambalo hawezi kulipata mahali penye watu wa dini moja tu.

Wala tusiwasahau walimu. Tangu Januari 2016, ilipoanza elimu bila ada hadi kidato cha nne, watoto wameongezeka sana madarasani. Mwalimu huchoka mwili na roho, na aliyechoka roho huwa mwepesi wa ukali na wa fimbo. Akifiwa au akiuguliwa, nani amwendea kumfariji? Mtungi mtupu haunyweshi mtu.

Basi twatoa shauri. Kila tawi liandike majina ya wanachama walio tayari kutoa saa moja kwa juma, kila mtu kwa watoto wa dini yake. Waende na barua ya shehe au kasisi wao, kwa idhini ya mwalimu mkuu, wafundishe mlango ukiwa wazi, wala wasimvute mtoto wa mwenziwe. Tuchange nauli kwa wasio na uwezo. Na walimu wapatao faragha ya robo saa kabla ya kazi, kwa sala au kwa ukimya, wasaidiwe kuipata, bila kumlazimisha mtu.

Chama cha watumishi Waafrika kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba na wenzake, Waislamu na Wakristo walikaa humo pamoja. Hatuoni kwa nini tushindwe leo kukaa pamoja kwa ajili ya watoto.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Saa ya mafunzo imekwisha kutengwa na chumba ki wazi; kilichobaki ni mtu wa kuingia. Majina yapokewe na makatibu wa matawi kabla shule hazijafunguliwa.