Ulaini wa Gari ni wa Nani?



Ndugu wasomaji, akina mama na akina baba, wiki hii tunaiacha kidogo meza ya chakula na malezi ya watoto, tunaingia gereji. Msistaajabu. Gari la nyumbani ni chombo cha nyumbani, na likitengenezwa visivyo, anayeumia ni mtu wa nyumbani.

Hivi karibuni tulisafiri hadi Machakos kumzuru binti yetu aliyeolewa huko. Atokaye Mombasa huiacha barabara kuu pale Kyumvi, akafika mjini kwa lami nzuri. Lakini nyumba ya wakwe zetu iko mbali na lami, upande wa Yatta, na njia yake ni changarawe iliyojipanga mikunjo kama bati, kisha makorongo, kisha mito ya mchanga. Gari lao ni Toyota Land Cruiser ya kubebea mizigo, lililoundwa kabla ya mwaka 1999. Mbele hukaa dereva na baba mkwe. Nyuma, chini ya turubai na juu ya benchi, hukaa mama mkwe, binti yetu mwenye mimba ya miezi saba, watoto, madumu ya maji na magunia. Tulimkuta mama mkwe amelala siku mbili kwa maumivu ya kiuno baada ya safari ya kwenda kliniki.

Wanaume wa nyumba ile, Mungu awalipe kwa nia yao njema, walikuwa wamekwisha kuazimia dawa. Magari ya aina ile yalipotolewa mwaka 1984, toleo lao la kazi nzito lilikaa juu ya springi za mabamba, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mbele na nyuma. Mwaka 1999 kiwanda kiliondoa mabamba ya mbele kikatia springi za koili, zilizo laini zaidi. Basi wao waliona njia ni moja: kununua ekseli ya mbele ya gari jipya zaidi pamoja na koili zake, na kuipachika kwenye gari la zamani.

Fundi aliitwa, bei ikatajwa, na fedha zilizowekwa kwa ajili ya uzazi zikaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Hapo mama mkwe akauliza kutoka kitandani, "Mwanangu, hizo springi mnazitia wapi?" Akajibiwa, "Mbele, mama." Akasema, "Nami hukaa wapi?"

Pakawa kimya. Kwa hakika kiwanda chenyewe mwaka ule kiliacha mabamba nyuma. Kiliyarefusha tu ili yanyumbuke zaidi. Koili za mbele zingemstarehesha kwanza dereva, na aliye nyuma angebaki karibu pale pale.

Tena kazi yenyewe si ya kubadili springi tu. Bamba hufanya kazi mbili: hubeba uzito, na huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala kando. Koili hubeba uzito peke yake. Kwa hiyo yahitaji mikono ya chuma ya kuishika ekseli, na mikono hiyo yahitaji vishikio vya kuchomelewa kwenye chesisi. Uchomeleaji ukiwa dhaifu, kishikio chaweza kukatika gari likiwa mwendoni. Na kuna mtego mwingine ambao wengi huutambua wamekwisha kulipa: magari ya kabla ya mwaka 1999 yana nati 6 kwa gurudumu, na yaliyofuata yana 5. Ukichanganya ekseli, tairi la akiba litafaa upande mmoja tu.

Fundi, kwa sifa yake, hakujitetea. Aliingia chini ya gari na taa, akatoka na habari. Miaka iliyopita, gari lilipokuwa likibeba mawe ya ujenzi, nyuma yaliongezwa mabamba mawili kila upande. Mawe yalikwisha, mabamba yakabaki. Springi ya kubeba mawe hainyumbuki kwa watu watatu na madumu manne; humrusha mtu tu. Bushi nazo zilikuwa zimekwisha, na shokapu za nyuma zimevuja mafuta.

Basi kazi iliyofanyika ilikuwa hii: mabamba ya ziada yakatolewa, bushi zikabadilishwa, na zikafungwa shokapu za kisasa zenye gesi, ambayo huyazuia mafuta ya ndani yasifanye povu yakipata moto kwenye mikunjo mirefu. Mabamba ya kizazi kipya, machache, manene katikati na membamba ncha zote mbili, yamewekwa katika hesabu ya baadaye. Hayo hufungwa mahali pale pale pa zamani bila kukata chuma, ila lazima yachaguliwe kwa uzito ambao gari hubeba kweli. Koili za mbele zimeachwa. Fedha za uzazi hazikuguswa, na mpaka binti ajifungue, yeye ndiye akaaye mbele. Baba mkwe amehamia benchi.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hatusemi cha kisasa ni kibaya. Twasema yaulizwe maswali kabla ya kulipa. Nani hukaa wapi? Gari hubeba nini siku za kawaida? Likiinuliwa, mipira ya breki itafika gurudumu linaponing'inia? Usukani utabaki kunyooka, au gari litatangatanga barabarani? Na mkikata au kuchomelea, gari lipelekwe kwa ukaguzi wa NTSA, na kampuni ya bima ielezwe.

Tulirudi na mama mkwe hadi mjini, sisi tukiwa naye nyuma. Mikunjo bado ilihisika, lakini alishuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Jioni, yule baba aliyezoea kukaa mbele alikiri kwamba katika miaka yote ya kumiliki gari lile hakuwahi kukaa nyuma hata siku moja.

Tunawaomba waume zetu wakakae nyuma, walau safari moja, kabla ya kwenda kwa fundi. Wabillahi tawfiq.