Vilima vya Mawe vya Klondike

Atakayeshika njia ya kaskazini kutoka Whitehorse, mji mkuu wa Yukon katika Kanada, hadi mji wa Dawson, atakwenda kilomita zipatazo 530 kati ya misitu, na aghalabu atapita mwendo mrefu asione nyumba wala mtu. Lakini akiukaribia Dawson kando ya mto Klondike atakutana na jambo ambalo, kwa maoni yangu, linastahili kutazamwa kuliko kumbi zote za starehe zilizopakwa rangi upya kwa ajili ya watalii, nalo ni vilima vya mawe.

Mawe yenyewe ni ya mviringo, yameoshwa yakatakata, hayana udongo ila kidogo, na vichaka vimejipenyeza kwa taabu katikati yake. Yamelala mistari ya upinde, mmoja nyuma ya mwingine, kwa kuwa yalitupwa na mitambo iliyoelea katika vidimbwi ilivyojichimbia yenyewe, ikichota sakafu ya mto kwa ndoo za chuma, ikiizuia dhahabu tumboni na kuyatapika mawe nyuma yake. Mmojawapo, wa nambari 4, wenye kimo cha ghorofa nane, ulifanya kazi tangu 1913 hata 1959, na leo umehifadhiwa kando ya kijito cha Bonanza, ambako dhahabu ilionekana Agosti 1896, watu wapatao laki moja wakafunga safari, wasifike hata nusu yao.

Habari za wale waliofika husimuliwa kwa taadhima, wala sikatai kwamba walikuwa wavumilivu, kwani mpakani, kwenye njia ya mlima ya Chilkoot, kila mmoja alitakiwa awe na chakula cha mwaka mzima, shehena ambayo pamoja na vifaa ilikaribia tani moja, naye akaipandisha mlimani kidogo kidogo, mgongoni, katika theluji. Lakini insafu yataka tuulize pia habari za Tr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa asili, ambao maskani yao ya kuvulia samoni yalivamiwa, hata mkuu wao, Isaac, akashuka nao mto mpaka Moosehide. Naye, akihofia nyimbo za kabila zisipotee katika ghasia ile, akaziweka amana kwa jamaa zao wa Alaska. Mkataba wa ardhi yao ulitiwa saini 1998, baada ya karne nzima na zaidi.

Lau mambo haya yangekuwa ya kale tu, nisingeshika kalamu. Juni 2024, katika mgodi wa dhahabu wa upande wa Mayo, Yukon hiyo hiyo, kwenye ardhi ya jadi ya wenyeji wengine wa asili, Na-Cho Nyäk Dun, lundo la mawe yaliyokuwa yakinyunyiziwa sayanaidi ili kuyeyusha dhahabu liliporomoka, sumu ikaonekana kijitoni, na miezi michache haijapita mahakama ikaukabidhi mgodi kwa msimamizi, ilhali serikali ikitoa fedha za usafishaji.

Basi rai yangu ni hii, na naielekeza hata kwetu sisi wenye migodi ya dhahabu ya Geita na Chunya: dhamana ya kusafisha na kufukia ilipwe taslimu na kwa ukamilifu kabla ya baruti ya kwanza kulipuliwa, kiasi chake kikadiriwe na wasio na hisa katika mgodi, na wenyeji wa ardhi wawe na haki ya kukataa makadirio wasiyoridhika nayo.